Sentimita Sita za Theluji: Jinsi Shule za Atlanta Zilivyofungwa kwa Kuchelewa

Theluji iliyoanguka Atlanta, jimbo la Georgia nchini Marekani, Jumanne ya Januari 28, 2014 haikufika hata kwenye kifundo cha mguu. Kipimo rasmi cha uwanja wa ndege wa Hartsfield-Jackson kilikuwa inchi 2.6, yaani sentimita sita na nusu hivi. Huko Buffalo au Minneapolis, miji ya kaskazini iliyoizoea theluji, kiasi hicho kingefagiliwa kabla ya chai ya asubuhi. Lakini usiku ule zaidi ya watoto 2,000 wa eneo la Atlanta walilala shuleni. Wengine walikuwa bado ndani ya mabasi yao ya njano usiku wa manane, na mwanamke mmoja alijifungua ndani ya gari kwenye I-285, barabara kuu inayolizunguka jiji. Polisi wa jimbo la Georgia walihudumia ajali zaidi ya 1,400 kwa siku mbili hivi.

Kisa hiki kimesimuliwa sana kama kichekesho cha watu wa Kusini mwa Marekani wasioijua theluji. Mimi nakisoma kama kisa cha saa. Uamuzi wa kufunga shule una wakati wake, nao ni alfajiri. Ukipita, kila uamuzi unaofuata ni mbaya, hata ule unaofanana na busara. Atlanta iliupitisha wakati huo ikiwa na onyo mkononi, kisha saa sita mchana ikachagua njia iliyokuwa mbaya kuliko zote.

Kwanza tuliondoe jambo moja linalowachanganya walio mbali. Mtu akisikia kwamba shule za Marekani zimefungwa kwa theluji, hudhani watoto wanakingwa na baridi. Mara nyingi sivyo. Madarasa yana joto la kutosha, pengine kuliko nyumba za baadhi ya watoto. Kinachofunga shule ni barabara: basi litapanda ule mlima wa mtaa wa nyuma, litashuka, na litasimama likikanyagiwa breki? Theluji ya sentimita 30 iliyokwisha kusukumwa pembeni na kumwagiwa chumvi si tatizo. Sentimita mbili zilizogeuka barafu kwenye mteremko usioguswa na lori la chumvi ni msiba.

Baridi yenyewe hufunga shule pia, ila kwa nadra. Mwezi uleule, Januari 6, gavana wa Minnesota, Mark Dayton, aliamuru shule za umma za jimbo zima zifungwe kwa sababu ya baridi, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka 17. Hata pale hofu haikuwa ya darasani. Ilikuwa ya mtoto anayesimama kituoni kusubiri basi lililochelewa, upepo ukimpiga, ngozi ya masikio na vidole ikiganda kwa dakika chache. Iwe barafu au baridi, swali linabaki lilelile la mtoto kutoka mlangoni kwao hadi mlango wa shule.

Kwa kawaida swali hilo hujibiwa na mtu mmoja, naye si gavana wala meya. Ni msimamizi mkuu wa shule wa eneo husika. Eneo la Atlanta lilikuwa na watu zaidi ya milioni tano, lakini jiji lenyewe, lile lenye meya, lilikuwa na watu chini ya nusu milioni. Waliobaki wamegawanyika katika kaunti na miji midogo kadhaa, na karibu kila moja ina bodi yake ya shule: Shule za Umma za Atlanta, DeKalb, Fulton, Cobb, Clayton, Gwinnett, Decatur, Marietta na nyinginezo. Theluji haijui mpaka wa DeKalb na Fulton, ila tangazo la kufunga linaishia mpakani. Mzazi anaweza kuishi kaunti moja, akafanya kazi katika kaunti ya pili, na mtoto wa dada yake akasoma katika ya tatu.

Kazi ya usiku wa kuamkia siku ya mashaka inafahamika vizuri katika ofisi hizi. Kati ya saa tisa na saa kumi za usiku, watu wa idara ya usafiri huingia barabarani na magari yao kukagua vilima, madaraja na mitaa yenye kivuli. Msimamizi mkuu anapiga simu kwa watu wa hali ya hewa, kwa watu wa barabara, na kwa wenzake wa kaunti jirani, maana hakuna anayependa kuwa peke yake, ama katika kufunga ama katika kufungua. Ikifika saa kumi na moja alfajiri, au na nusu, lazima awe amesema neno. Mabasi ya kwanza hutoka kabla ya kupambazuka. Basi likishatoka, siku imeanza.

Sasa tuitazame Atlanta ya Jumatatu, Januari 27. Utabiri wa mchana uliweka theluji nzito kusini mwa jiji, na jiji lenyewe likawekewa angalizo tu. Ukiwa kiongozi unayetafuta sababu ya kutofanya lolote, hapo umeipata. Lakini usiku picha ilibadilika. Saa tisa na dakika 38 usiku wa kuamkia Jumanne, Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ilipandisha angalizo likawa onyo kamili la dhoruba ya majira ya baridi kwa eneo zima la Atlanta. Saa tisa na dakika 38! Ukiulinganisha na ratiba niliyoieleza, ujumbe ule ulifika wakati uleule watu wa usafiri wanapowasha magari kwenda kukagua vilima. Ulibaki muda wa saa moja na nusu hivi wa kuamua, na hizo ndizo dakika ninazozihesabu kuwa kiini cha kisa chote.

Asubuhi ilipofika, barabara zilikuwa kavu. Shule zikafunguliwa.

Sipendi kuwacheka waliofungua. Wiki tatu kabla, baridi kali ileile iliyoifunga Minnesota ilishuka hadi Georgia, na shule nyingi za eneo la Atlanta zikafungwa. Kila siku inayopotea inakatwa kwenye mwaka wa shule wa siku 180, na mzazi anayelipwa kwa saa akibaki nyumbani na mtoto hapati kitu. Kuna watoto ambao mlo wao wa uhakika ni wa shuleni. Msimamizi mkuu akifunga na theluji isije, atasemwa hadharani siku ileile, na mwaka unaofuata watamkumbusha. Akifungua na theluji ikaja kidogo, hakuna atakayekumbuka. Kwa hiyo kila siku ya kawaida inamfundisha mtu huyu kusubiri kidogo zaidi, na somo hilo linakuwa sahihi miaka mingi mfululizo hadi siku linapokosea.

Clarkston, mji mdogo ndani ya DeKalb, ni mahali ambapo utasikia Kiswahili dukani na kwenye vituo vya basi. Familia za wakimbizi kutoka Congo na Burundi zimepewa makazi huko kwa miaka mingi. Wapo wanaofanya kazi viwandani, wengine kwa zamu za usiku, kilomita nyingi kutoka nyumbani. Kwa mzazi wa namna hiyo, tangazo la kufunga shule likitolewa jioni, kuna nafasi ya kumwomba jirani akae na watoto. Likitolewa alfajiri, ni mbio. Likitolewa saa sita mchana na mzazi yuko upande wa pili wa jiji, basi mtoto atafika kwenye mlango uliofungwa, au hatafika kabisa. Nawataja hawa kwa sababu hesabu ya kufunga shule hupigwa mara nyingi kana kwamba kila nyumba ina mtu wa kubaki na gari la pili uani.

Theluji ilianza kudondoka jijini karibu na saa sita mchana. Wakati huo gavana Nathan Deal na meya Kasim Reed walikuwa kwenye hafla ya chakula cha mchana katika hoteli moja ya katikati ya jiji, ambako meya alikuwa akitunukiwa na jarida moja heshima ya Mwanageorgia wa mwaka. Magazeti yaliishika habari hiyo kwa meno, nami sioni kama ilibadilisha mengi. Hafla au hakuna hafla, saa ya kuamua ilikuwa imepita tangu alfajiri.

Kilichofuata ndicho kinachostahili kutazamwa kwa karibu. Shule zikatangaza kuwaruhusu watoto mapema. Ofisi za serikali zikawaruhusu wafanyakazi. Kampuni binafsi, zikiona serikali imefunga, nazo zikafunga. Yote hayo yalitokea ndani ya saa moja au mbili. Asubuhi ya kawaida, watu wa Atlanta huingia barabarani kwa mafungu kuanzia saa kumi na moja hadi saa nne. Mchana ule walitoka wote pamoja, na kati yao walikuwamo maelfu ya wazazi waliokuwa wanaelekea shuleni kabla ya kwenda nyumbani, njia mbili badala ya moja. Mbali na hao kulikuwa na matrela ya masafa marefu yanayopita I-75 na I-85, barabara mbili zinazoungana na kuwa moja katikati ya jiji.

Mabasi ya shule yana tatizo lao ambalo wengi hawalijui. Basi moja halihudumii shule moja. Dereva huyohuyo hubeba wanafunzi wa sekondari, akarudi kuchukua wa msingi, kisha wa shule za kati, au kwa mpangilio mwingine. Ndiyo maana saa za kuanza masomo hutofautiana shule na shule. Kuwarudisha watoto wote nyumbani huchukua saa kadhaa hata siku ya jua. Na madereva wengi hawakai shuleni mchana kutwa: wakishamaliza zamu ya asubuhi huenda zao, wengine kwenye kazi nyingine. Kwa hiyo msimamizi mkuu anapotangaza kuwa watoto wanaruhusiwa mapema, anaanzisha kazi ya saa tatu inayohitaji madereva ambao wenyewe wamekwama kwenye foleni iliyosababishwa na tangazo lilelile.

Halafu kuna barafu yenyewe. Lami ilikuwa na joto kidogo kuliko hewa, na matairi ya maelfu ya magari yaliikandamiza theluji ikayeyuka. Hewa ikazidi kushuka chini ya sifuri, maji yale yakaganda. Gari linalokwenda hutawanya maji. Gari lililosimama huyapa nafasi ya kuganda chini yake. Foleni ikazaa barafu, barafu ikazaa foleni ndefu zaidi. Aliyewahi kuendesha gari kwenye udongo mweusi baada ya manyunyu ya kwanza ya msimu anajua kwamba utelezi hauhitaji maji mengi. Atlanta nayo imejengwa juu ya vilima, na barabara za kuingilia na kutokea kwenye barabara kuu zina miinuko na kona. Trela moja likijikunja kwenye mwinuko wa namna hiyo, linafunga njia zote.

Baada ya dhoruba ya Januari 2011, iliyozifunga shule karibu wiki nzima, jiji lilikuwa limenunua magari zaidi ya kumwaga chumvi na kusukuma theluji. Vifaa vilikuwapo. Ila lori la chumvi ni gari kama magari mengine, na mchana ule malori hayo yalikaa kwenye foleni pamoja na magari yaliyotakiwa kuokolewa. Chumvi humwagwa kabla barabara haijajaa, au basi tena. Hapa kufunga shule na kutunza barabara ni jambo moja: shule zikifungwa alfajiri, barabara inakuwa tupu, na lori linapata njia.

Usiku ule watu walitembea kwa miguu pembezoni mwa barabara kuu. Home Depot, kampuni ya maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi, ilifungua maduka yake 26 ya Georgia na Alabama ili waliokwama walale ndani. Wageni walitafutana mtandaoni, wenye nyumba karibu na barabara wakawafungulia wasiowajua. Shuleni, walimu na wakuu wa shule walibaki na watoto. Wapishi wakawasha tena majiko, mikeka ya mazoezi ikatandikwa kwenye kumbi za michezo. Serikali ilituma askari wa jimbo kwenye shule zenye watoto, na Walinzi wa Taifa, yaani askari wa akiba, wakaingia na magari ya kijeshi kuyafikia mabasi yaliyokwama. Kufikia Jumatano jioni watoto walikuwa wamerudi kwao.

Nikiupima usiku huo, naona watoto waliolala shuleni walikuwa mahali pazuri kuliko wengine wote. Walikuwa na joto, chakula, vyoo na watu wazima wanaowajua. Walioteseka ni waliokuwa ndani ya mabasi. Maana yake ni kwamba saa sita mchana bado palikuwa na uamuzi mmoja wenye nafuu: kuwaacha watoto madarasani, kuwaambia wazazi wasije, na kuzipa barabara saa kadhaa. Ninakiri kwamba ni rahisi kuuandika hapa kuliko kuutangaza pale. Mzazi anayeona theluji dirishani na kusikia kwamba mwanawe hatoki hatatulia. Atachukua ufunguo wa gari. Pengine hiyo ndiyo sababu hakuna aliyethubutu. Lakini kumruhusu mtoto mapema, jambo linaloonekana kama uangalifu, lilimtoa kwenye jengo salama na kumweka kwenye barabara mbaya kuliko zote za siku ile.

Lawama zilianza kabla theluji haijayeyuka. Gavana Deal kwanza alisema dhoruba haikutarajiwa, na watu wa hali ya hewa walikasirika, kwa haki, maana onyo lao lilikuwa na saa na dakika. Siku mbili baada ya theluji aliomba radhi na kusema kuwa yeye ndiye gavana na jukumu ni lake. Charley English, mkuu wa idara ya dharura ya jimbo, alikiri kwamba alikosea kwa kuchelewa. Erroll Davis, msimamizi mkuu wa Shule za Umma za Atlanta, naye aliomba radhi. Meya Reed alisema ilipasa watu waruhusiwe kwa zamu, shule kwanza, kampuni binafsi baadaye, serikali mwisho, na akakumbusha kwamba meya hana mamlaka juu ya shule. La mamlaka ni kweli. La zamu ni zuri, ila nauliza nani angelitekeleza katika eneo lenye wakubwa wengi kiasi kile, ndani ya saa moja, simu zikiwa zimezidiwa.

Birmingham, jiji la jimbo jirani la Alabama, ilipatwa na mkasa uleule siku ileile, na maelfu ya wanafunzi walilala shuleni huko pia. Tofauti ni kwamba kule utabiri ulikosea kweli: theluji nzito ilitarajiwa kusini zaidi, na Birmingham ikaambiwa itapata vumbi tu la theluji. James Spann, mtabiri wa televisheni anayeheshimiwa sana Alabama, aliandika kuomba radhi kwa utabiri wake. Matokeo ya miji hiyo miwili yalifanana sana, na hilo linanisumbua. Atlanta ilionywa, Birmingham haikuonywa vya kutosha, na zote zikaishia palepale. Onyo lisilopewa mtu wa kulifanyia kazi kabla ya saa kumi na moja alfajiri lina uzito wa utabiri uliokosewa.

Wiki mbili baadaye dhoruba nyingine ilikuja. Safari hii Deal alitangaza hali ya dharura Jumatatu, Februari 10, kabla ya tone la kwanza, na shule zikatangaza kufunga kuanzia Jumanne. Jumanne ile jijini kwa sehemu kubwa ilikuwa mvua baridi tu. Kwa kipimo cha zamani, siku hiyo ya shule ilipotea bure. Sikumbuki kelele zozote za maana. Barafu nzito ilikuja Jumatano, ikavunja matawi na kukata umeme kwenye nyumba nyingi, lakini picha za barabara za Atlanta zilionyesha lami nyeupe bila magari. Barafu ya Februari ilikuwa mbaya kuliko theluji ya Januari, na hakuna mtoto aliyelala shuleni.

Tangu hapo mizani imeegemea upande wa kufunga mapema, na janga la UVIKO-19 likaongeza kitu ambacho mwaka 2014 hakikuwapo: masomo kwa kompyuta nyumbani. Siku ya theluji sasa inaweza kuhesabiwa kama siku ya shule. Ila mpango huo hauna uhakika wote. Jiji la New York lilijaribu Februari 13, 2024, na asubuhi ile wanafunzi na walimu wengi walishindwa kuingia kwenye mfumo. Na nyumba yenye watoto wanne, simu moja na mzazi aliyetoka zamu ya usiku haigeuki darasa kwa sababu tangazo limesema hivyo. Hata hivyo kwa msimamizi mkuu aliyekaa na simu saa kumi usiku, gharama ya kukosea kwa kufunga imepungua sana.

Januari 10, 2025, Ijumaa, Atlanta ilipata takriban sentimita tano za theluji, karibu kiasi kilekile cha 2014. Gavana Brian Kemp alikuwa ametangaza hali ya dharura siku iliyotangulia, na shule kubwa za eneo zilikuwa zimewaambia wazazi, tangu Alhamisi, kwamba watoto wabaki nyumbani.